Kilichochakaa na Kinachodumu

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii watoto husomeshwa skulini tangu madarasa ya chini, na aghalabu huishia pale pale kwenye nasaha ya kuacha uzembe. Hata hivyo ndani yake mna suala jengine lisilosemwa. Ufa huzibwa kwa kitu, na kitu hicho nacho kina umri wake. Siku kizibo kinapochoka, mwenye nyumba hujikuta mbele ya mambo mawili: je, akitoe kizibo kile au akiache, na akishakitoa, ana deni gani kwa kitu kilichomtumikia miaka yote ile? La kwanza ni suala la ufundi, la pili ni la maadili. Mambo haya mawili hayatengani kama yanavyodhaniwa, na njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, ina ushahidi mwingi juu yake.

Na tuanze kwa kitu kidogo. Luigi Bezzera wa Milano alipopata hataza yake mwaka 1901, mtambo wa kahawa ya espreso ulikuwa ni birika kubwa la mvuke lenye bomba na vali. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Achille Gaggia akaongeza wenzo na pistoni, na maji yakaanza kusukumwa kwa nguvu ipatayo mara 9 ya ile ya hewa inayomzunguka mwanadamu. Mitambo ya namna hiyo ingalipo, na wapo watu wanaoifufua. Anayeufungua mmoja baada ya miaka arubaini hukuta kwamba shaba imebaki shaba na chuma kimebaki chuma. Kilichokufa ni gasketi: zile pete za mpira na vipande vya karatasi ngumu vilivyowekwa kati ya chuma na chuma ili mvuke usitoroke. Mpira uliokuwa laini umekuwa mgumu kama pembe, umeshikana na ukoko wa chokaa, na ukiguswa humeguka.

Ajali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Gasketi iliumbwa kwa ajili hiyo. Vyuma viwili vilivyo sawa kwa ugumu havipatani. Hata vikichongwa vizuri vipi, baina yao hubaki mianya isiyoonekana kwa jicho, na mvuke huiona. Hutakiwa kitu cha tatu, dhaifu kuliko vyote viwili, kikubali kubanwa, kikubali kuungua, kijaze mianya ile kwa mwili wake. Udhaifu wake ndio kazi yake. Lau kingekuwa na nguvu kama chuma, kisingefaa. Na kwa kuwa hakina, ni lazima siku moja kiishe. Kwa hiyo mtambo unadumu kwa sababu kuna kitu ndani yake kinachochakaa kwa niaba yake.

Fundi hodari hujulikana kwa namna anavyoitoa gasketi iliyokufa kuliko anavyoitia mpya. Hatumii bisibisi ya chuma kuichokoa, kwani chuma kikikwaruza uso wa chuma, mkwaruzo ule hautaondoka tena, na kila gasketi itakayofuata itavuja hapo hapo. Huilainisha kwanza kwa maji moto au mafuta, akasubiri, kisha akaikwangua polepole kwa kijiti au kipande cha shaba. Ikiwa mtambo ni wa zamani na gasketi zake zina asbesto, hazikwangui kavu kabisa. Huzilowesha, maana vumbi lake likiingia mapafuni huuwa baada ya miaka mingi. Wala haweki mpya juu ya masalio ya ile ya zamani. Huo ndio uvivu unaofanywa mara nyingi kuliko wote: kwa jicho kazi imekwisha, lakini mvuke ukipanda, uvujaji unakuwa mbaya kuliko wa jana.

Kitu hiki kidogo kina ndugu yake mkubwa mwishoni mwa njia ya misafara. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli ya mvuke ikapewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Majimaji. Ikavunjwavunjwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, ikiandama kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ile ile waliyoipita wapagazi. Makasha yakapita Tabora juu ya magurudumu, pale ambapo miaka michache nyuma mizigo ilipita juu ya mabega. Meli ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915.

Mwaka uliofuata vita viliwageukia Wajerumani. Mwezi wa Julai 1916, kabla ya kuondoka Kigoma, waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Walijua kwamba wanaiacha kwa adui, na pengine walitumai kurudi. Vyovyote iwavyo, grisi haikuuliza ni nani atakayekuja kuifuta. Waingereza walipoizamua mwaka 1924 walikuta mitambo na mabirika yake yangali na uhai, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, moja katika majina ya zamani ya Ziwa Tanganyika. Ikafanya kazi kwa mvuke kwa takriban nusu karne, mpaka katika miaka ya 1970 injini zile zile zilizookolewa na grisi zikang'olewa na kutiwa za dizeli.

Hapa mtu wa hisia huuma kidole. Je, si khiana hiyo? Kilichohifadhiwa chini ya maji kwa miaka minane kimetupwa na watu wa nchi kavu. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ameeleza kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wapo waliosema ni meli ile ile, na wapo waliosema si ile tena. Mzozo huo haukwisha hadi leo. Lakini mzozo wa Waathene ulihusu meli iliyofungwa bandarini kwa ukumbusho. Liemba iliendelea kubeba abiria, dagaa na mahindi baina ya Kigoma na Mpulungu. Kwa mama aliyekaa juu ya gunia lake akingoja kushuka kwenye kijiji kisicho na barabara, meli ni ile inayofika. Kwa kipimo chake yeye, injini ya mvuke nayo ilikuwa gasketi: sehemu iliyotumika, ikachoka, ikapisha, ili safari isikatike.

Jambo hili linafundisha kwamba kuwa gasketi ni cheo cha kitu ndani ya kitu kikubwa zaidi, wala hakimo katika dhati yake. Injini ina gasketi zake, nayo yenyewe ni gasketi ya meli. Nyumba za tembe za Unyamwezi zinalionesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Tembe ni nyumba ya kuta za udongo na dari bapa la miti lililofunikwa udongo, nayo kila baada ya masika hudai kukandikwa upya. Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, na Livingstone akabaki humo mpaka mwezi wa Agosti. Jengo lile liliharibika, likajengwa upya katika karne ya 20, na leo ni makumbusho. Mgeni huuliza kama udongo ule ndio ule. Mwenyeji hashangazwi na jawabu kwamba sio, kwa sababu hata enzi hizo udongo haukuwa ule kila mwaka. Nyumba ya udongo haikuwahi kudai kudumu kwa mata yake. Ilidumu kwa mikono iliyorudi kila mwaka kuikandika.

Basi ipo hoja nzito ya kuunga mkono kuondoa kilichochakaa, na wanaoililia kila kuukuu wangefaa waisikie. Mila nazo zina gasketi zake. Kuna kiini, mathalani heshima kwa wazee, ihsani kwa mgeni, amana katika biashara. Na kuna vile vitu laini vilivyowekwa kati ya watu na watu ili wasikwaruzane: namna ya salamu, mpangilio wa posa, nani aanze kunena. Vya pili hivi huchoka kwa haki. Anayekazania kubakisha kila kimojawapo kwa jina la kuilinda mila huiacha mila yenyewe ivuje, kisha akashangaa kwa nini vijana wanaukimbia mvuke unaowaunguza.

Lakini wanaopenda mapya nao wana somo lao kutoka kwa fundi, yaani lile la kutoweka mpya juu ya masalio. Katika njia ya misafara mfano wake unauma. Zanzibar hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria kwa amri ya mwaka 1897. Wajerumani bara hawakuufuta moja kwa moja. Walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ukangoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Kila sheria ilikuwa gasketi mpya, safi, iliyokatwa vizuri. Chini yake yalibaki masalio: neno litupwalo katika ugomvi, swali la ukoo liulizwalo kwa sauti ndogo siku ya posa, ukimya wa familia ambayo babu yake aliifika Tabora shingoni mwake mna mti. Sheria haina ukwanguzi wa kufikia huko. Na wapo waliotaka kuukwangua ukoko huo kwa chuma, kwa hasira, wakaacha mikwaruzo juu ya nyuso za watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Kazi hiyo inataka maji, subira na mkono mwepesi, na kwa wingi wa mahali haijafanywa bado.

Hadi hapa hoja inakwenda sawia, na ndipo penye hatari yake. Ikiwa kuwa gasketi ni cheo tu cha kitu ndani ya kitu kikubwa zaidi, basi kila kitu chaweza kuitwa gasketi, ilimradi apatikane wa kukitaja hicho kikubwa. Msafara ni mkubwa kuliko mpagazi. Dola ni kubwa kuliko askari. Shirika ni kubwa kuliko kibarua. Anayesimama juu huona mtambo. Aliye chini akichoka, huyo wa juu husema kwa utulivu kwamba hii ndiyo hali ya vitu, vilaini huisha ili vigumu vidumu.

Njia ya misafara ilijengwa kwa fikra hiyo. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi. Wengi wao, kama alivyoonesha mwanahistoria Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006, walikuwa watu wa ujira, wenye desturi na fahari ya kazi yao, waliojua kugoma na kujadili malipo. Mzigo wa mmoja ulikuwa kadiri ya kilo 30, na mwendo wa Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita elfu moja. Pembe za ndovu ziliteremka pwani, nguo na shanga zikapanda bara, na kati ya soko la huku na soko la kule, kati ya mfanyabiashara mgumu na mfanyabiashara mgumu, alikuwepo mwili wa mpagazi. Yeye ndiye aliyeijaza mianya. Ndui ikamkuta njiani, njaa ikamkuta Ugogo, na msafara ukasonga mbele.

Kisa cha Abdullah Susi na James Chuma kinatosha kuwa mizani. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba. Oktoba walifika Unyanyembe, Tabora hiyo hiyo, wakakutana na Cameron, Mwingereza aliyekuwa akielekea bara, akawashauri wauzike mwili pale pale. Wakakataa. Februari 1874 wakaukabidhi Bagamoyo baada ya miezi tisa ya mwendo. Wakalipwa mishahara yao wakaruhusiwa kwenda zao. Mwezi wa Aprili, Livingstone alipozikwa Westminster Abbey jijini London, Jacob Wainwright peke yake katika msafara ule alikuwepo. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Chama cha wanajiografia wa huko kikaagiza medali 60 kwa ajili ya wabebaji, lakini zilipokuwa tayari wengi wao walikuwa wameshatawanyika.

Hakuna aliyewadhulumu kwa mujibu wa hesabu. Walilipwa. Hiyo ndiyo dhuluma isiyoonekana kirahisi, kwani gasketi nayo hulipiwa dukani. Kilichokosekana ni kule kutambua kwamba waliobeba walikuwa na nia yao, kwamba pale Unyanyembe walipomkatalia Cameron waliamua kama watu wenye amana, na amana haina bei ya kila mwezi. Mpira haukatai. Mtu aliyekataa mara moja, kwa sababu anayoijua yeye, ameshatoka katika jamii ya vitu vinavyobanwa tu.

Mpaka ni huo. Kitu ni gasketi kikiwa hakina mwisho wake chenyewe isipokuwa mwisho wa mtambo. Mwanadamu anao mwisho wake. Anaweza kufanya kazi ya kati, akapokea joto la pande mbili, akachakaa goti na mgongo, kama wanavyochakaa hadi leo makuli, mayaya, mahamali na matarishi. Lakini kinachochakaa ni nguvu zake, yeye mwenyewe hachakai. Anayemwondoa kazini kwa kuwa nguvu zimekwisha huenda ametenda sawa kiufundi. Anayemwondoa katika kumbukumbu, katika hesabu ya fadhila, katika mlango wa kuingilia, amemfanya mtu kuwa kitu. Vita vya Kwanza vilifanya hivyo kwa wingi wa kutisha: hesabu rasmi za wabebaji waliokufa upande wa Waingereza Afrika Mashariki zinakaribia laki moja, na athari yao iliyo wazi kuliko zote ni jina la mtaa, Kariakoo, ambalo wengi hulitaja wakienda kununua nguo bila ya kujua kwamba linatokana na jina la kikosi cha mizigo.

Tabora yenyewe ilishuhudia katika vita hivyo namna nyengine ya kukitendea kilichotumika. Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari na fedha kuwaishia, walipiga sarafu mwaka 1916 katika karakana ya reli. Za dhahabu, rupia 15 kila moja, zilikuwa na sura ya ndovu, mnyama yule yule ambaye kwa ajili ya meno yake njia ilifunguka. Za hela 5 na hela 20 zilipigwa kwa shaba iliyopatikana, yakiwemo maganda ya mizinga iliyokwisha kufyatuliwa. Mabaki ya kifo yakaingia mkononi mwa muuza ndizi. Septemba ya mwaka huo jeshi la Wabelgiji likauchukua mji, na sarafu zile zikawa hazina thamani tena sokoni. Lakini neno halikuondoka. Mswahili hadi leo akitaja pesa husema hela. Chombo kimetupwa, umbo lake limebaki katika ulimi.

Jambo hilo linarudisha mazungumzo kwenye meza ya fundi, kwa kuwa yapo anayoyafanya ambayo hayajasemwa. Akishaitoa gasketi kuukuu, haitupi papo hapo. Huitandaza juu ya karatasi mpya ya gasketi, hata ikiwa imekatika vipande viwili au vitatu, akaviunganisha, akachora pembezoni mwake, akaweka alama ya kila tundu la bolti. Ikiwa imeharibika mno asiweze kuichora, huilaza karatasi juu ya chuma chenyewe akagonga kingo zake taratibu kwa nyundo mpaka umbo likajikata. Njia ya kwanza ni bora, kwa sababu iliyochakaa inajua jambo ambalo chuma hakisemi: ni wapi palibanwa zaidi, ni upande gani ulioungua kwanza, ni mwanya upi uliokuwa ukisumbua. Ukiisoma vizuri hukuambia mtambo una ugonjwa gani.

Kwa kitu, hiyo ndiyo heshima inayotosha. Kikishatoa umbo lake, kinaweza kutupwa bila ya majuto, na anayekihifadhi katika kabati ya kioo hakiongezei chochote. Kwa mtu haitoshi, lakini hata hiyo wengi hawaipati. Mzee aliyestaafu reli Tabora baada ya miaka thelathini ya kuyasikiliza mabirika, yaya aliyelea watoto wa nyumba tatu, karani aliyesimama baina ya wakubwa na wananchi akapokea matusi ya wote: hao huagwa kwa soda na hotuba, na siku ya pili hakuna anayekwenda kuwauliza palikuwa pakivuja wapi. Mpya hukatwa kwa kukisia. Kisha mvuke hutoka pale pale ulipokuwa ukitokea, na watu wakasema kwamba siku hizi vitu havidumu.